Daktari Alikuwa Anapika Mawe

Kituo kizima kilimwita Kiguu, kifupi cha Kiguu na Njia, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Mpelelezi huyu hakuumbiwa kiti. Hata ripoti aliziandika amesimama, karatasi juu ya kabati la majalada, mguu mmoja ukigonga sakafu. Asubuhi hiyo alikuwa ameizunguka ofisi yake mpaka Sajini, mtu mnene na mpenda kukaa, akalalamika kwamba kizunguzungu kinamshika yeye aliyetulia.

Nje upepo ulikuwa umechachamaa. Kitasa cha mlango wa ofisi kilikufa zamani, hivyo mlango ulizuiwa kwa jiwe jeusi la ukubwa wa papai. Upepo ukiusukuma mlango, jiwe linasota kidogo. Kiguu akipita, analirudisha kwa ncha ya kiatu. Walikuwa wakichezeana hivyo tangu asubuhi, yeye na upepo.

Kilichomnyima raha kilikuwa chini yake, mahabusu. Mama Pacha, mpishi wa nyumba ya daktari wa meno mstaafu, alikuwa amekaa humo bila viatu, akidaiwa kumuua tajiri wake kwa sumu. Daktari alianza kukohoa jioni. Akalalamika mdomo una ladha ya sarafu, homa ikapanda, kifua kikabana, na hospitali walipokuwa bado wanaulizana wamtibu nini, akakata roho. Mkewe naye aliugua ila alinusurika. Mpwa wao ndiye aliyetamka neno sumu mbele ya polisi, na neno hilo likishatamkwa katika nyumba yenye mpishi, nani tena atatazamwa? Mkuu wa kituo alitaka jalada liende kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa, kesho yake mama wa watu apandishwe kizimbani. Pacha wake walikuwa kwa jirani, wakiuliza mama anarudi lini.

Yaliyomkera Kiguu ni majibu ya maabara. Chakula safi, maji safi, sukari safi. Mkuu alisema basi atakuwa ametumia kitu ambacho maabara haikijui. Kiguu hayakumwingia maneno hayo hata kidogo. Alilipiga jiwe teke la mwisho akashuka mahabusu, Sajini akihema nyuma yake.

Mama Pacha hakuinuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake ya kazi, na uso wa mtu aliyekwisha kuchoka kujieleza. Kiguu alimwomba amsimulie tena mchana ule.

"Nimeshaeleza, Afande. Nikieleza tena mtacheka tena."

"Mimi sijacheka."

"Daktari alikuwa anapika mawe."

Sajini akakohoa kidogo. Kiguu alimgeukia taratibu. Maelezo ya Mama Pacha alikuwa ameyasoma mpaka anayajua kwa moyo, na mawe hayakuwemo. Sajini akakiri, macho kayatupa darini, kwamba hakuyaandika. Alidhani mama yule anawafanyia dhihaka. Nani mwenye akili zake anapika mawe, isipokuwa yule mama wa kwenye hadithi anayewapumbaza wanawe wenye njaa mpaka walale? Kiguu alimwambia Mama Pacha aendelee, na safari hii kalamu aliishika mwenyewe.

Basi mambo yalikuwa hivi. Daktari alikuwa amepata samaki mpya, kitatange mkubwa wa baharini, na kwa ajili yake akatoa mawe mawili kwenye tangi la kioo la sebuleni. Mchana akayatia katika sufuria kubwa la wageni na kulibandika jikoni. Mama Pacha akagomba, maana sufuria lile ni la kupikia watu, si takataka za baharini. Daktari akacheka, akamwambia aende zake uani akapunge upepo. Alipochungulia baadaye, jiko zima lilikuwa mvuke mtupu, madirisha yamefungwa na joto lote lile, na mzee kasimama juu ya sufuria anageuza mawe kwa mwiko, anakohoa. Mke wake alipita hapo kuulizia chai, akarudi zake chumbani. Mama Pacha kwa hasira alipikia chakula cha jioni uani, kwenye mkaa, wala hakukanyaga jikoni tena siku ile.

"Ulikula chakula hicho?"

"Nilikula, na wanangu niliwabebea."

Kiguu alikuwa ameshafika mlangoni. Sajini akauliza wanakwenda wapi. Kiguu akamwambia wanakwenda kumwona samaki.

Mjane walimkuta sebuleni, kajilaza kwenye kochi na khanga miguuni. Chumbani hakutaka kulala tena. Tangi la kioo lilichukua ukuta mmoja karibu wote, na ndani yake kitatange alikuwa hatulii. Alikuwa mkubwa kama sahani, mistari ya manjano na buluu imemlala kutoka kichwani mpaka mkiani, machoni kavaa utepe mweusi kama mwizi. Anakwenda mpaka kona, anageuka, anarudi, anageuka. Kiguu alipoanza kutembea mbele ya kioo, samaki akamfuata sambamba, jicho kwa jicho. Sajini alitafuta kiti, akasema sasa wamekuwa wawili.

Mjane akatabasamu kidogo, mara ya kwanza labda tangu msiba. Alieleza kwamba samaki yule, ingawa mgeni wa siku chache, alishazoea kula mkononi mwa mumewe. Marehemu alimkatia vipande vidogo vya kamba na mwani, akavishika kwa vidole, na yule mnyama akaja kuvichukua kwa adabu kuliko wajukuu. Tangu azikwe, samaki hali. Akishtuka, anatoa mlio ndani ya maji, du, du, kama mtu anayebisha hodi.

"Nikisikia, moyo unaniruka, mwanangu," mjane akasema. "Nadhani ni yeye karudi."

Kiguu aliacha kutembea, na kusimama kwake kulikuwa pole tosha. Kisha akachuchumaa, akafungua kabati lililo chini ya tangi. Magunia ya chumvi ya baharini, ndoo, mpira wa kunyonyea maji machafu, wavu, na nyuma kabisa chupa ya dawa ya samaki. Akasoma karatasi yake: dawa ya shaba. Ladha ya sarafu mdomoni! Sajini naye aliona, akaanza kusema kwamba chupa hii mpishi angeweza kuifikia wakati wowote, na kwa maneno hayo kamba ya Mama Pacha ikazidi kukaza. Kiguu aliifunga chupa kwenye mfuko akiwa na uchungu. Ukitafuta ukweli, unakubali nao ukuume.

Hata hivyo akauliza habari za mawe. Mjane hakuona ajabu yoyote, alikumbuka vizuri. Mumewe alikuwa akiongea na mpwa wake, simu kaiweka kwenye spika kwa sababu mikono imelowa. Nyumba nzima ilimwita mpwa huyo Daktari Mdogo, maana naye ni wa meno, na ndiye aliyeachiwa kliniki mjomba alipostaafu.

"Alimwambia nini?"

"Alimwambia, mjomba, yachemshe mpaka yatokote sawasawa, ndipo uchafu ufe. Na ufunge madirisha, baridi ikiingia samaki mgeni ataugua."

"Baridi gani, mama?"

"Ndiyo na mimi nikashangaa. Mchana ule tulikuwa tunajipepea kwa magazeti."

Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefagia uvunguni kwake mbele ya wageni, mjane akaongeza jambo la nyumbani. Wagonjwa walikuwa wamekuja kulalamika kwa marehemu: Daktari Mdogo anafika kazini kalewa, ameshang'oa meno mazima akaacha mabovu. Marehemu alimpa mpaka mwisho wa mwezi akabidhi funguo. Kijana aliyapokea vizuri, tena siku chache baadaye akaja na zawadi ya kumtuliza mjomba. Zawadi yenyewe ndiyo huyo hapo kwenye kioo.

Mawe waliyakuta uani, juu ya jalala. Yalikuwa mepesi kuliko yalivyoonekana, yenye matundu matundu, na juu yake kumekauka vitu vidogo vya duara, vimepangana kama vifungo vya shati. Kiguu akayazungushia gazeti. Garini Sajini aliyapakata mapajani njia nzima, huku akilalamika kwamba yananuka.

Duka la samaki wa mapambo alikotoka kitatange lilikuwa nyuma ya mtaa wa mafundi redio, jembamba, lenye giza na mngurumo wa pampu. Mwenyewe alijulikana kwa jina la Mapezi, mwanamume wa pete nyingi na maneno mengi zaidi. Kabla hawajauliza lolote alikuwa ameshawapa somo: kitatange mkubwa si samaki wa kila mtu, anataka tangi refu apate pa kuogelea, anataka maji yaliyokomaa, na usimwekee mwenzake wa aina yake kama hutaki vita. Maji yakipungua kwa jua unaongeza maji baridi, si ya chumvi, kwa sababu chumvi haipai. Watu hawasikii. Wananunua urembo, wanasahau kwamba urembo una tumbo.

Kiguu, ambaye mguu ulikuwa unamwasha, akamkata kauli kwa kumwekea chupa ya shaba mezani. Mapezi aliigeuza, akacheka. Kizibo hakijakatwa. Chupa hiyo ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani, haijawahi hata kumeza hewa. Sajini akashusha pumzi, na Kiguu, ingawa njia moja ilikuwa imezibwa, alijikuta amefurahi.

Ndipo Sajini alipofungua gazeti.

Mapezi aliruka nyuma mpaka akagonga tangi. Pete zote zilikuwa hewani.

"Nani kayakausha hivyo?" akauliza. "Msiniambie mmeyapika."

Mguu wa Kiguu uliacha kugonga. Akamwambia aseme, polepole, kwa nini mawe yasipikwe. Na Mapezi, kwa mara ya kwanza, alisema maneno machache. Vile vya duara wafugaji wanaviita vifungo, ni viumbe hai, laini, vinaota juu ya mawe ya baharini. Watu wanavipenda kwa rangi zake. Baadhi yake vina sumu kali ndani. Vikikaa majini na mikono yako haina kidonda, hakuna neno. Lakini ukivitia motoni, sumu inapanda na mvuke, na mwenye kuuvuta anaanza kikohozi, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, homa, kifua. Watu wa mchezo huu wote wanalijua hilo. Ni kosa la mgeni asiye na mwalimu. Kisha akamnyooshea Sajini kidole na kumwamuru akanawe, na Sajini alikwenda kwenye bomba mbio, jambo ambalo Kiguu hakuwahi kuliona maishani mwake.

"Daktari hukumwonya?"

"Huyo mzee miguu ilikuwa haimchukui, hakuwahi kufika hapa. Aliyekuja ni mpwa wake. Nilimwambia yeye, hapo hapo uliposimama wewe: huyu kitatange atavitafuna vifungo vyenu, yatoeni mawe hayo kwanza, kwa glavu, mtupe. Na moto, hapana. Akacheka. Akasema hana haja ya somo, mawe ya tangi lake la kliniki alishayatoa hivyo hivyo."

Nje ya duka Kiguu alitembea huku na huku kando ya gari, akizungumza peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, marehemu alikifuga na kukisomesha udaktari. Lakini Sajini, mikono bado inachuruzika, alisema neno la maana. Kumwambia mtu achemshe jiwe si kosa kisheria. Daktari Mdogo atasema hakujua, atalia machozi, na Mapezi ni muuza samaki tu mbele ya wakili mzuri. Na jua lilikuwa linashuka kuelekea ofisi kufungwa.

Kiguu akasimama.

"Basi tumpe nafasi aseme hakujua," akasema, na akarudi dukani kuomba mfuko wa maji ya tangi.

Daktari Mdogo alifika kituoni kwa hiari yake, shati limenyooka, harufu ya dawa ya mdomo ikimtangulia. Aliambiwa ni kusaini maelezo tu. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu, na dirisha ambalo Kiguu alilifunga akisema upepo unapeperusha karatasi. Pembeni, juu ya jiko dogo la umeme la chumba cha chai, kulikuwa na sufuria lililofunikwa.

Kiguu alimuuliza habari za samaki. Daktari Mdogo akainua mabega. Yeye ni mtu wa meno. Samaki yalikuwa mambo ya mjomba. Zawadi aliinunua, ndiyo, kwa kuelekezwa na muuzaji, lakini hata jina la yule mnyama halijui vizuri. Na mawe? Mawe gani? Kama mjomba alichemsha mawe, basi ni uzee. Kuna ubaya gani kuchemsha jiwe? Akina mama wanachemsha chupa za watoto kila siku.

"Kwa hiyo hukumwambia achemshe?"

"Sikumwambia, na kama ningemwambia pia, jiwe ni jiwe, Afande."

Kiguu aliandika maneno hayo, akamsomea, akampa asaini. Akasaini. Hapo akainuka, akafunua sufuria, akaeleza kwa sauti ya mtu anayezungumzia chai kwamba jiwe moja lilibaki kwenye tangi la mjomba, na maabara wanalitaka likiwa safi. Akawasha jiko. Sajini alivuta kiti chake mpaka mlangoni, akauegemeza mgongo wake mpana kwenye mbao, akakunja mikono.

Daktari Mdogo alitazama sufuria. Harufu ya bahari ilianza kupanda, maji ya Mapezi yakipata moto. Akasema chumba kina joto. Kiguu akakubali kwamba kina joto. Akasema ana mgonjwa anamsubiri kliniki. Kiguu akamwambia hawatachukua muda. Maji yakaanza kuguna, kisha kutokota, na uzi wa kwanza wa mvuke ukapita juu ya meza.

Kijana akainuka. Alikwenda mpaka dirishani, akajaribu komeo, akageuka. Akaja mpaka mlangoni, akamkuta Sajini, akageuka. Akavuta kola ya shati akaziba pua. Kiguu alimwangalia akienda na kurudi kati ya kuta zile, na bila haraka yoyote akavuta kiti, akakaa. Sajini aliapa baadaye kwamba hicho ndicho kilichomtisha yeye zaidi, kumwona Kiguu amekaa.

"Zima," Daktari Mdogo akasema ndani ya shati.

"Jiwe ni jiwe. Umesaini."

"Zima, nakwambia. Mtatuua sote."

"Kwa nini tufe?"

"Ule mvuke ni sumu! Vifungo vikipata moto—" Akajisikia mwenyewe. Shati likamponyoka puani.

Kiguu aliinama mbele.

"Na madirisha, Daktari Mdogo? Madirisha ulimwambia afunge kwa ajili ya baridi gani?"

Daktari Mdogo alijibanza kwenye pembe ya mbali na sufuria, akateleza ukutani mpaka sakafuni, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha kweli, ingawa hakuna aliyejua anamlilia nani. Alisema mjomba alimtoa bila huruma, kama mbwa. Alisema hakudhani atakufa, alidhani ataugua tu, aache kukumbuka mambo ya funguo. Kiguu aliandika kila neno, hata yale ya kumtia aibu.

Kisha akazima jiko, akafungua dirisha, na kwa kitambaa akatoa jiwe majini akaliweka juu ya meza. Lilikuwa jeusi, la ukubwa wa papai, laini kila upande, halijawahi kuiona bahari.

"Ni la mlango wetu," Sajini akamweleza, kwa upole kabisa.

Mkuu wa kituo alisoma karatasi zile akiwa amesimama, na Kiguu alimwambia vifungo vya mjomba viko njiani kwenda maabara, safari hii wajue wanatafuta nini. Mkuu alisaini kuachiliwa kwa Mama Pacha kabla ofisi hazijafungwa.

Sajini ndiye aliyeomba aende kumfungulia. Kiguu alimfuata kwa mbali, polepole, akiambaa ukuta. Mlango wa chuma ulipofunguka Mama Pacha hakutoka mara moja. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akiuliza kwa macho kama huu nao ni mzaha. Kiguu akamwambia kwamba ni mawe. Ni yale mawe yaliyomuua Daktari, na aliyeagiza yapikwe amekwisha kusema.

"Niliwaambia," Mama Pacha akasema. Hakupaza sauti. "Siku ile ile, kabla hamjanivua viatu. Niliwaambia."

Na kweli alikuwa amewaambia. Sajini, mtu mnene, mpenda kukaa, mwenye mgongo usiopenda kuinama, alishuka taratibu mpaka goti likagusa sakafu. Akaziweka ndala za Mama Pacha mbele ya miguu yake, akazigeuza zielekee nje.